Naombeni ushauri: boliti za inchi za Morris Minor, nizitafute au niweke za milimita?

Kijana_Mwembetanga: Assalaam alaykum. Nafufua Morris Minor 1000 ya babu, ya 1959. Boliti zimeliwa na chumvi. Fundi anataka tuweke za milimita za sokoni Darajani tumalize. Mimi roho yangu iko kwa za inchi, kama ilivyotoka kiwandani, ila kuziagiza Uingereza ghali. Usingizi sipati.

Pweza_Mkavu: Uza, nunua Vitz ulale.

Ummu_Saleh: Marehemu baba alikuwa na Peugeot. Sikukuu tukijazana humo mpaka Bububu, wadogo mapajani. Vya wazee vitunzwe mwanangu, msiviuze.

Fundi_Chake: Boliti ya inchi 5/16 ya UNF, yaani nyuzi nyembamba za kipimo cha inchi, ina nyuzi 24 kwa inchi. M8, yaani ya milimita 8, ina kama 20, na unene wao karibu sawa. Ndiyo maana inadanganya: inaingia mizunguko miwili, inakwama, ukilazimisha umeua nyuzi. Zilizoharibika ni za wapi?

Kijana_Mwembetanga: Za bodi tu.

Fundi_Chake: Bodi ipi? Sema.

Kijana_Mwembetanga: Na za mbele, zinazoshika mkono wa chini wa gurudumu. Fundi keshatoboa tundu mbili, kachonga nyuzi za M10. Tumeweka stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kwa hewa yetu ya bahari naona ndiyo sahihi. Halafu Ijumaa gari inambeba bi harusi, dada yangu.

Ummu_Saleh: Subhanallah! Umpakie humo?

Fundi_Chake: Stenlesi ya daraja la A2-70 huanza kunyooka kwenye mkazo wa megapaskali 450, boliti ya chuma ya daraja la 8.8 kwenye 640. Gurudumu halishikwi na kutoshika kutu, linashikwa na nguvu.

Nahodha_Malindi: Mimi naona hadithi ya kutunga. Kule kwenye mada ya mafuta ulisema injini yako ni ya cc 1098. Hiyo imeingia 1962, ya 1959 ni 948. Picha iko wapi?

Pweza_Mkavu: Duh, nahodha kaona mwamba.

Kijana_Mwembetanga: Wallahi gari ipo uani. Babu aliibadilisha injini mwenyewe, nyumba nzima inajua. Picha jioni, umeme umekatika.

Fundi_Chake: Ya kubadilishwa mbona kawaida, injini hizo ni ukoo mmoja. Mimi nataka picha ya tundu mbili. Gari isishuke kwenye jeki, na dada atafutiwe gari nyingine.

Kijana_Mwembetanga: Lakini stenlesi kwenye milango?

Fundi_Chake: Milangoni weka, ila ya inchi.