Mita 60 za barabara na mita 60 za mto: kwa nini futikamba inamfikia mwananchi peke yake?

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi na sikutegemea kwamba uzi wangu wa kwanza ungekuwa wa hasira. Naandika kutoka kijiji kimoja kwenye miteremko ya Uporoto, mkoani Mbeya, upande ule ambao maji yake yanashuka kuelekea bonde la Usangu. Barabara yetu ya mkoa, ambayo tangu nilipoanza kufundisha hapa ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya utelezi masika, sasa inajengwa kwa kiwango cha lami. Kwa wale watakaokuja mbio kuniuliza kama napinga maendeleo, nawajibu mapema: barabara tunaitaka. Sisi ni wakulima wa viazi mviringo, na gunia lililolala siku tatu kwenye lori lililokwama kwenye tope tunaijua hasara yake kuliko yeyote anayesomea barabara kwenye ramani. Ninacholalamikia ni namna sheria zinavyopimwa katika mradi huu, na kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mtaniwia radhi nikianza na vipimo.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi (eneo linalotengwa kwa ajili ya barabara) ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Vijana wenye ndoo za rangi walipopita kijijini, tuliambiwa kwamba aliyewekewa X nyekundu amejenga ndani ya mita 22.5 za zamani, kwa hiyo anavunja mwenyewe na hana chake, na aliyewekewa X ya kijani yumo katika lile ongezeko la mita 7.5, kwa hiyo atalipwa fidia. Viongozi wanapenda kuufupisha utaratibu huo kwa msemo wao maarufu, kwamba inategemea kama mtu ameifuata barabara au barabara imemfuata mtu. Ni msemo mzuri, na laiti ungefuatwa nisingekuwa na la kuandika.

Kwenye kona ya chini ya kijiji barabara imenyooshwa. Kona ilikuwa kali, malori yalikuwa yanapinduka, na hakuna anayebisha kwamba ilistahili kunyooshwa. Lakini kona ikinyooshwa, katikati ya barabara inahama, na katika kona ile imehamia upande wa nyumba. Baada ya hapo futikamba ikavutwa kutoka katikati mpya, si ya zamani, na nyumba tano ambazo hazijawahi kuwa ndani ya mita 22.5 za barabara yoyote zikaamka na X nyekundu. Mmoja wa wenye nyumba hizo ni mama mjane, jirani yangu, ambaye msingi wa nyumba yake ulichimbwa na baba mkwe wake. Yule mama hajasogea hata hatua moja tangu alipoolewa pale. Barabara imeondoka ilikokuwa, imemfuata hadi mlangoni, na bado anaitwa mvamizi. Nilipomuuliza mhandisi mmoja wa mradi kipimo kimeanzia wapi, alinijibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Nimefundisha watoto kupima kutoka sifuri kwa miaka 31, na sikumbuki siku ambayo sifuri ilihama halafu mwanafunzi akapewa kosa.

Wenye X ya kijani nao wasidhaniwe kuwa wamepona. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu, ikichelewa iambatane na riba, na miaka miwili ikipita uthamini ule unakuwa umekufa na lazima ufanyike upya. Kwetu mwezi wa kumi na nne unayoyoma tangu watu waitwe kusaini. Fidia halali ina mafungu yanayofahamika, yaani thamani ya soko ya mali, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Watu wetu walioneshwa tarakimu moja tu chini ya karatasi na kuelekezwa mahali pa kutia dole gumba. Nani alipata posho ya makazi na nani hakupata, hakuna anayejua. Wakati huohuo wamekatazwa kuendeleza chochote, hata kubadilisha bati linalovuja, na masika iliyopita niliona familia imehamishia godoro jikoni kwa sababu chumba kilikuwa kinanyesha ndani.

Sasa nije kwenye mita 60 nyingine, ambazo ndizo zimenifanya nishindwe kunyamaza.

Kwa wasiotoka Nyanda za Juu Kusini, vinyungu ni vibustani vya mabondeni tunavyolima kiangazi, kando ya mito na vijito, pale udongo unapobaki na unyevu. Kwa familia nyingi ndiyo mboga, ndiyo mahindi mabichi na ndiyo daftari za shule. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kifungu hicho tumefundishwa kwa fimbo. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji yetu kupitia Usangu, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu mwaka 1993. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba ifikapo 2010 mto ule utatiririka mwaka mzima. Ahadi ilitolewa mbali na utekelezaji ukatuangukia sisi: wafugaji na wakulima wakaondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, na huku juu kila kiangazi maofisa wanashuka mabondeni na futikamba kung'oa vinyungu. Sikupinga. Kabichi zangu na hoho niling'oa kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya wanangu, kwa sababu nilikuwa mwalimu na niliona si vizuri mwalimu aonekane anavunja sheria.

Kwa hiyo mnaweza kukisia nilivyojisikia nilipoenda mtoni mwezi uliopita na kukuta kifusi cha mlima uliokatwa kimemwagwa karibu na ukingo. Nilikwenda kuazima futikamba kwa fundi seremala, nikarudi na kijana mmoja akanishikia ncha. Ni mita 14 kutoka ukingoni. Hatua chache juu yake ipo pampu inayojaza maboza ya kumwagilia barabara, na siku za Jumamosi maboza hupanga foleni. Vikundi vyetu vya umwagiliaji vinatakiwa kuwa na kibali cha kutumia maji na kukilipia. Kibali cha pampu ile tumeomba tukione tu, hatukuombwa hata kuketi. Mvua za kwanza ziliposhuka, kifusi kiliingia mtoni na maji ya kunywa ya kitongoji cha chini yakawa rangi ya chai ya maziwa kwa wiki mbili.

Karavati nalo lina kisa chake. Limejengwa vizuri, zege safi, lakini mdomo wake unatema maji katikati ya mteremko wa shamba bila mtaro wowote wa kuyapokea hadi mtoni. Maji ya nusu kilometa ya barabara yanakusanywa na kutupwa sehemu moja. Pale palipokuwa na matuta ya viazi sasa pana korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani unaona kofia tu. Mwenye shamba hayumo kwenye orodha ya fidia kwa sababu yuko nje ya mita 30, na hilo linaeleza kila kitu kuhusu hesabu zao, kwamba madhara yanadhaniwa kukoma pale kipimo kinapokoma. Machimbo ya kifusi juu ya kilima yameachwa wazi vilevile, na ndama wa jirani alizama humo.

Mradi wa aina hii kisheria haupaswi kuanza bila Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na naamini ilifanyika kwa sababu nilikuwepo. Walikuja wataalamu wawili, tukakaa chini ya mti karibu na ofisi ya kijiji, wakatueleza faida za lami kwa saa moja na nusu, wakapokea maswali matatu, kisha ikapitishwa karatasi ya mahudhurio na soda. Baadaye nikaja kusikia kwamba saini zile zinahesabiwa kuwa wananchi tulishirikishwa na kuridhia. Mimi nilisaini kwamba nimehudhuria.

Ripoti yenyewe tumeitafuta kwa danadana isiyokwisha. Mtendaji wa kijiji hana, anasema ipo wilayani. Wilayani wanasema mradi ni wa ngazi ya mkoa. Mkoani wanasema ipo kwa mhandisi mshauri, na mhandisi mshauri anasema yeye hutoa nyaraka kwa mwajiri wake, si kwa wanakijiji. Nikaandika barua kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka majibu ndani ya siku 30. Nakala yangu ina mhuri wa kupokelewa. Leo ni siku ya 53.

Yule mhandisi wa awali, ambaye sina ugomvi naye binafsi na ni kijana mwenye adabu, aliniambia tukiwa tumesimama juu ya lile karavati: "Mwalimu, barabara ni ya serikali na mto ni wa serikali. Sasa unaishtaki serikali kwa serikali?" Sikuwa na jibu la haraka siku ile. Ninalo sasa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa ajili ya jalala, na wale wa Kunduchi Mtongani, watu 795, wakafanya hivyohivyo mwaka 1991 jalala lilipohamishiwa kwao. Mahakama Kuu iliwasikiliza wote na kuwapa haki, na hoja ilisimama juu ya ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Kama jalala la jiji lilipimwa kwa Katiba, sioni kwa nini kifusi cha barabara kisipimwe.

Picha zote ninazo, za ule ukingo, korongo na zile X, na nitaziweka hapa chini kijana wangu akinisaidia kuzipunguza ukubwa. Kama kuna wanasheria humu, naomba wanieleze hatua inayofuata baada ya siku 30 kupita bila jibu. Na kwa wapima ardhi ninalo swali moja, ambalo yule mama jirani ananiuliza kila asubuhi tukikutana kisimani: katikati ya barabara inapohamishwa, nyumba iliyokuwepo kabla inahesabiwa kutoka katikati ipi?