Kuandika kitabu cha Python huku toleo jipya likitoka kila mwaka

Muulizaji: Ndugu zangu, mimi ni mtunzi wa programu ninayejitegemea, na usiku ninaandika kitabu cha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, lakini toleo jipya la lugha hiyo hutoka kila Oktoba, nazo kazi za wateja zinanichelewesha. Nifanyeje mifano isipitwe na wakati?

Jibu la 1: Ndugu, kila toleo hutunzwa kwa miaka 5 hivi, kwa hiyo taja mwanzoni toleo ulilotumia, kisha ujikite katika misingi isiyobadilika ovyo.

Jibu la 2: Mimi huendesha upya kila mfano kabla ya kumpelekea mhariri sura, kwa sababu mwanafunzi akikutana na kosa la kitabu hudhani amekosea yeye, na jambo hilo huniuma sana.

Muulizaji: Ahsanteni. Leo nitaanza na sura ya 3.