Mjadala: Distro yetu ndogo iendelee kujijengea kila kitu, au ihamie juu ya Debian?

Mleta mada:

Wadau, toleo lijalo la distro yetu (mfumo wetu wa Linux) linakaribia na swali tulilolikwepa mara mbili limerudi mezani. Tuendelee kujenga kila kifurushi cha programu kwa mikono yetu, kuanzia kerneli (kiini cha mfumo) hadi kikokotoo, au tuchukue msingi wa Debian, distro kubwa inayotunzwa na jamii ya wasanidi, kisha juu yake tuweke vilivyo vyetu tu, yaani kisakinishi, zana za usanidi, mwonekano na nyaraka? Kura haijaitishwa, kwa hiyo huu ndio wakati wa kuelezana. Msimamo wangu nauweka wazi: tuhamie. Nimetunza vifurushi hapa miaka sita, na neno hilo halikunitoka kirahisi.

Kinachoninyima usingizi ni viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kasoro. Kasoro kubwa ikigunduliwa kwenye maktaba ya msimbo kama OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, distro zenye timu ya usalama mara nyingi hudokezwa siku kadhaa mapema ili ziwe tayari. Sisi tunaisoma siku ya tangazo, sawa na mshambuliaji. Hapo inabidi mmoja wetu awe na nafasi jioni hiyohiyo: achukue kiraka, ajenge kifurushi upya, akijaribu kwenye mashine mbili tatu, asaini kidijitali, apandishe kwenye ghala ambako watumiaji hupakua. Kivinjari ndicho kizito kuliko vyote. Firefox hutoa toleo jipya takriban kila wiki nne, uwe na muda au usiwe nao. Mwaka jana toleo moja lenye viraka muhimu lilichelewa siku 11 kwa sababu mwenzetu pekee anayejua kulijenga alikuwa msibani. Yeye hakukosea chochote. Sisi wengine ndio tulipaswa kuwapo nyuma yake, na hatukuwapo.

Mkumbuke pia kisa cha XZ, programu ya kubana mafaili. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yana mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine. Alianza kuchunguza baada ya kuona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali) kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Mlango ule haukupitishwa kwa kuvunja seva ya mtu. Aliyeupitisha alikuja kama msaidizi kwenye mradi uliokuwa na mtunzaji mmoja aliyechoka, akafanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Nikisoma habari ile najiona mimi mwenyewe. Mtu akinijia kesho na kuniambia atanipunguzia mzigo wa vifurushi 200, nitamkagua kwa makini kiasi gani?

Nguvu tunayoimaliza kwenye kujenga upya vitu ambavyo Debian wameshavijenga vizuri ndiyo nguvu inayokosekana kwenye yale ambayo hakuna mwingine anayetufanyia. Kisakinishi chetu kinapendwa na hata mtu ambaye hajawahi kugusa Linux. Mwongozo wake, kwa upande mwingine, una kurasa ambazo hazijaguswa tangu matoleo matatu yaliyopita.

Mtunzaji mwenzake:

Mkuu, kuhusu uchovu sina ubishi, nami ninao. Ila dawa unayoileta itamaliza mradi. Watu hawakuja hapa kwa sababu ya kisakinishi, walikuja kwa sababu tunatumia runit, programu ndogo inayowasha na kusimamia huduma za mfumo. Debian walichagua systemd, programu kubwa zaidi ya kazi hiyohiyo, mwaka 2014. Waliokataa wakajitenga na kuanzisha Devuan, yaani Debian isiyo na systemd, na toleo lao la 1.0 halikutoka mpaka Mei 2017. Kuondoa kipande kimoja tu kwenye msingi wa mtu mwingine kuliwachukua muda wote huo. Sisi tutafanyaje?

Halafu kuna suala la kutegemea uamuzi wa wengine. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba distro yake ya CentOS Linux 8 itakoma mwisho wa 2021, wakati watu walikuwa wamepanga seva zao wakijua wana mpaka 2029. Aliyejenga juu yake aliamka hana msingi. Na hiyo XZ unayoitaja, Freund aliikuta kwenye mashine ya Debian. Matoleo yao ya majaribio yaliibeba. Sisi haikutufikia, tulikuwa bado kwenye toleo la zamani.

Mtumiaji wa siku nyingi:

Mimi si mtaalamu wa vifurushi, nawasaidia wageni kusakinisha. Naomba msisahau mashine za zamani za biti 32. Distro ya Arch Linux iliziacha mwaka 2017. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli kwa ajili ya mashine hizo. Wengi ninaowasaidia wanakuja hapa baada ya kufungiwa milango mingine, wakiwa na kompyuta yenye RAM ya GB 1 ambayo bado inaandika barua na kusoma PDF bila shida. Mkihamia Debian leo, mnawaambia nini hao? Wengine ndio kompyuta yao ya kwanza.

Mfasiri wa nyaraka:

Nauliza jambo moja kabla hamjaendelea. Mwaka 2018 timu ya distro ya Void Linux ilitangaza kwamba kiongozi wao ametoweka na wao hawana mamlaka kamili juu ya akaunti ya mradi kwenye GitHub, tovuti wanakohifadhi msimbo. Ikabidi wahamishie msimbo kwenye akaunti mpya. Kwetu, jina la kikoa (anwani ya tovuti) limesajiliwa kwa nani? Ufunguo wa kusaini ghala, unaothibitisha kwamba sasisho ni letu, unao nani?

Mleta mada:

Naanza na swali la mwisho kwa sababu limenichoma. Jina la kikoa liko kwa mtu mmoja, na linalipiwa kwa kadi yake. Ufunguo wa kusaini tunao wawili, mimi na mwanzilishi. Mimi nikipata ajali wiki ambayo yeye yuko mbali, hakuna sasisho litakalowafikia watumiaji. Hili halihitaji kusubiri kura ya Debian wala ya kitu kingine. Mwezi huu jina la kikoa lihamishiwe kwenye akaunti ya watu watatu, na ufunguo mpya utengenezwe kwa utaratibu ambao wawili kati ya wanne wanatosha kuutumia. Mfasiri, asante sana. Tumebishana miaka kuhusu msingi wa mfumo, na mwenye kuuliza nani ana funguo amekuwa wewe.

Mtunzaji mwenzangu, kuhusu XZ umesema kweli, ila mlango ule ulikamatwa kabla ya kuingia kwenye toleo thabiti la Debian. Na sisi hatukupona kwa umakini wetu. Tulipona kwa sababu tulikuwa nyuma, na kuwa nyuma kulekule ndiko kunakotuacha na kasoro za kivinjari siku 11. Mfano wa CentOS nao naona hauendani na Debian. CentOS ilikuwa mikononi mwa kampuni moja. Debian haina mwenye nayo, ina katiba, na viongozi wake huchaguliwa kwa kura ya wasanidi wenyewe. Inaweza kukosea, lakini si kwa kikao cha bodi tusichokiona. Hata Linux Mint, wanaojenga distro yao juu ya nyingine iitwayo Ubuntu, wanatunza toleo la pembeni lililosimama moja kwa moja juu ya Debian, wapate pa kukimbilia Ubuntu ikiondoka.

Runit ni hoja nzito na nimeilalia usiku mzima. Nabadilisha pendekezo langu: tujaribu kwanza msingi wa Devuan, ambao umeshafanya kazi ile ngumu na una runit kwenye ghala lake. Tukishindwa kuwasha kisakinishi chetu juu yake katika miezi mitatu, nitakubali tubaki tulivyo kwa toleo moja zaidi.

Mashine za biti 32 ndizo zinazoniuma, kwa sababu sina jibu zuri. Kuhama kutaziacha. Kubaki hakuziokoi pia: aliyekuwa akijaribu kerneli ya biti 32 aliondoka, na matoleo mawili ya mwisho tumeyatoa bila kuyawasha hata mara moja kwenye mashine halisi ya aina hiyo. Kumpa mtu mfumo ambao hatujaujaribu na kumwambia tunamjali, hapana, siwezi kuendelea nako. Pendekezo langu ni toleo la sasa la biti 32 lipewe viraka vya usalama kwa miaka miwili, likiwa na kundi lake.

Rasimu ya kupigiwa kura nitaiweka Jumamosi. Mwenye mashine ya biti 32 iliyo hai na muda wa kujaribu kerneli kila mwezi ajitaje hapa kabla ya siku hiyo. Wakipatikana wawili, kipengele hicho kinaingia kwenye rasimu. Akipatikana mmoja, sitakiingiza.