Mjadala: Meneja wa ubora wa samaki Malindi aachie kiti programu?

Hoja iliyopo: maghala ya samaki yanapigiwa debe kununua vihisi vya joto na kamera zinazosomwa na akili mnemba. Je, meneja wa ubora bado anahitajika?

Fundi wa majokofu, Malindi: Kwa upande wa rekodi, hahitajiki. Mtu wa kuzunguka na daftari kila saa mbili hawezi kushindana na kihisi kinachosoma kila dakika na kupiga kengele usiku wa manane.

Mkaguzi wa ubora, Malindi: Daftari nakuachia, ndugu yangu. Lakini mchukue jodari au nguru. Akikaa kwenye mashua bila barafu, bakteria huigeuza histidini, kijenzi cha protini kilichomo kwenye nyama, kuwa histamini, ambayo humdhuru mlaji. Kamera haiioni, na pua huweza kuikosa. Ikishaingia, haiondoki kwa kupika wala kugandisha. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka sampuli 9: wastani usizidi miligramu 100 kwa kilo, zisizozidi 2 ziwe kati ya 100 na 200, na hata moja isivuke 200. Programu humpokea samaki mlangoni, ilhali ameharibikia baharini. Anayembana nahodha aseme alibeba barafu kiasi gani ni meneja. Kwa joto la pwani yetu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki.

Mwenye ghala, Lamu: Programu hujifunza, bwana. Baada ya msimu mmoja wa kaskazi itajua mashua ipi huleta samaki wa moto, tupunguze vipimo kwa wale wazuri. Maabara ni ghali.

Mkaguzi wa ubora, Malindi: Hapo ndipo ninapoogopa. Itajifunza kutoka kwa kihisi, na kihisi hukosea. Kifunge karibu na feni ya baridi: kitasoma nyuzi 0 huku samaki wa katikati ya kreti wana 8, na programu itaandika "salama" mchana kutwa. Kikague hivi: jaza jagi barafu iliyosagwa, tia maji ya kuziba mianya, koroga, tumbukiza kihisi, subiri kitulie. Kisiposoma 0, kirekebishe au kitoe. Kisha mdunge kwa kihisi hicho samaki mkubwa kuliko wote penye nyama nene, kando ya uti wa mgongo. Na umeme ukikatika, angalia: zipo programu zinazoliziba pengo la rekodi kwa kukadiria. Pengo libaki pengo.

Dada wa maabara, Lamu: Kaka zangu, kengele ikilia saa nane usiku, nani anaizuia shehena? Mpango wa HACCP, yaani wa kudhibiti hatari za usalama wa chakula, unataka iandikwe samaki wale walifanywa nini, na chanzo kilirekebishwaje. Mwenye ghala ana mteja anayesubiri. Lazima awepo mtu mwenye mamlaka ya kumkatalia.

Fundi wa majokofu, Malindi: Hilo nakubali. Basi meneja abaki, vijana wa daftari waondoke.

Dada wa maabara, Lamu: Mameneja wa kesho si ndio hao hao? Wapewe vihisi wavikague kwa barafu kila Jumatatu, na sampuli wachukue wao. Ukiwatoa leo, baada ya miaka kumi utamtafuta wapi ajuaye kwamba ile 0 ya kwenye feni ni uongo?