Gemu za tahajia zinagawa nyota tu, kwenye imla watoto wanaanguka!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Gemu nyingi za simu zinazodai kufundisha tahajia zinatupotezea watoto. Mwanafunzi wangu anamaliza ngazi zote, kioo kimejaa nyota na makofi, halafu ukimpa karatasi na penseli ukamsomea maneno yale yale, anaandika "zahabu".

Kaeni karibu na mtoto mtazame anavyocheza. Anaambiwa achague lililo sahihi: zahabu, dahabu, thahabu, dhahabu. Anabonyeza la kwanza, jekundu. La pili, jekundu. Anaendelea kupapasa mpaka kijani kinawaka na sarafu zinamwagika. Hakusoma chochote! Na kila "zahabu" aliyoitazama inamkaa kichwani. Watafiti Jacoby na Hollingshead walionyesha tangu 1990 kwamba hata wanafunzi wa chuo kikuu wakisoma maneno yaliyokosewa, tahajia yao wenyewe inaharibika. Sasa huyu ambaye ndiyo kwanza anajifunza?

Zile za kuchapa nazo ni yale yale. Anaandika "ghad", kibodi inammalizia "ghadhabu", pointi anapewa yeye.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni ng'ombe. Mtoto kaandika sawasawa, herufi kwa herufi, gemu ikamwambia kakosea. Kuchunguza, kumbe kibodi yake inaweka ritifaa (ile alama ya juu kwenye ng') iliyopinda, na programu inaitambua iliyonyooka tu. Kajaribu tena na tena, jekundu kila mara. Mwisho akanigeukia akaniuliza kama siku hizi tunaandika "ngombe". Mtoto alikuwa anajua, gemu ikamtoa kwenye ujuzi wake! Ina maana hakuna aliyeijaribu kwa Kiswahili kabla ya kuiachia sokoni?

Sizipingi gemu. Watoto wanazipenda na hamu hiyo ni mali. Basi itumieni vizuri, nyie mnaozitengeneza: mtoto asikie neno, asilione, aliandike mwenyewe herufi moja moja, utabiri wa maneno ukiwa umezimwa. Akikosea, aonyeshwe lililo sahihi papo hapo, na neno lile limrudie kesho, kisha wiki ijayo. Walimu tunafanya hivyo kwa chaki na imla, nyie mna programu nzima mnashindwa nini?

Anayeijua gemu ya Kiswahili inayofanya hivi, bila matangazo kumrukia mtoto katikati ya neno, aitaje hapa.