Huyu fundi wa waifai akanyage tena kwangu aone!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Yule jamaa mnamjua, wa kampuni ile yenye mabango kila kona. Nimemwita kwa sababu TV inakwama, kimduara kinazunguka mpaka refa anafika kwake kuoga. Kaja, kaingia 192.168.1.1, ule ukurasa wa mipangilio ya ruta, kwa simu yake, kazima mawimbi ya 2.4GHz kaacha ya 5GHz peke yake, eti "iende spidi bosi". TV yangu 5GHz haiijui! Jina la waifai likayeyuka kwenye orodha palepale. Kumuuliza, ananijibu MBELE YA MAMA MKWE: "Mzee, hii TV imechoka kama mwenyewe."

Mbele ya mama mkwe! Na mama mkwe akacheka. Tangu ashuke basi la Singida hajaonyesha jino, kaja kuchekea hapo. Halafu jamaa kabadili paswedi, kaiandika kwa peni inayokata wino, kasepa. Simu hapokei. Imechoka kama mwenyewe!! Nina miaka 41 mimi!

Dagaa Mchele: Huyo mama mkwe nampenda bure.

Kibogoyo: Punguza povu mkuu. Washa 2.4, ipe jina lake tofauti na la 5, chaneli weka 1, 6 au 11. TV ikae kwenye 2.4, hiyo inapenya ukuta vizuri. Picha ya Full HD yenyewe inataka kasi ya kama Mbps 5 tu. Ruta umeiweka wapi?

Mleta uzi: Kabatini, nyuma ya TV. Ila hoja si ruta, hoja ni MBELE YA MAMA MKWE.

Kibogoyo: Kabatini. Nyuma ya TV. Fundi kakuonea huruma huyo.

Binti Kaskazini: Shukuru wako kaja. Wangu "yupo njiani" tangu Pasaka, nadhani anatembea kwa magoti.

Chai Kavu: Wenye waifai mnadeka. Sisi bando la wiki linaisha Jumanne, na simu ilikuwa chaji.

Dagaa Mchele: Bando cha mtoto. Njoo kwenye king'amuzi: wingu likipita tu, skrini inaganda mdomo wa mtangazaji ukiwa wazi.

Binti Kaskazini: King'amuzi usikitaje! Nimelipia kifurushi jana, kinaniandikia "lipia kifurushi".

Mleta uzi: Jamani, mama mkwe...

Chai Kavu: Binti, chako cha dishi au cha antena?

Binti Kaskazini: Dishi. Na waya umetafunwa na panya.

Dagaa Mchele: Panya wa kwenu wanakula waya? Wa kwetu wanakula sabuni.