Eagle Claw 1980: ubovu wa helikopta au ubovu wa kuunganisha majeshi?

Mshale:
Wakuu, habari za jioni. Kila ninapofuatilia JSOC, kamandi ya pamoja ya vikosi maalumu vya Marekani, naona chanzo chake ni Eagle Claw, ile operesheni iliyokwama Iran Aprili 1980, ya kuokoa mateka wa Kimarekani Tehran. Hapo ndipo sielewi. Helikopta ziliharibika, operesheni ikafa. Kamandi mpya inatibu vipi helikopta mbovu? Naomba hoja zenye data, ushabiki tuuweke kando.

Ramani:
Mkuu Mshale, tuanze na hesabu. Helikopta 8 aina ya RH-53D ziliruka jioni ya tarehe 24 kutoka meli ya USS Nimitz. Ndege 6 aina ya C-130 zilitokea kisiwa cha Masirah, Oman: 3 zimebeba makomandoo, 3 zimebeba mafuta. Mahali pa kukutana ni Desert One, jangwani upande wa Tabas. Helikopta zijaze mafuta, zichukue makomandoo, zisonge kuelekea Tehran kabla hakujakucha. Zikipungua chini ya 6, hakuna safari.

Namba 6 ilitua njiani kwa onyo la panga na kuachwa. Panga la RH-53D lina uwazi ndani uliojazwa naitrojeni kwa shinikizo. Gesi ikivuja, rubani anapata onyo kwamba huenda panga lina ufa. Namba 2 ilifika Desert One ikiwa na hitilafu ya haidroliki. Namba 5 iligeuza ndani ya wingu la vumbi baada ya vifaa vya kuongozea kuanza kufa. Zikabaki 5. Kanali Charlie Beckwith wa Delta, kikosi cha makomandoo hao, akakataa kupunguza watu wake, na Rais Carter akakubali isitishwe.

Tazama namba 5 kwa makini. Rubani aligeuza bila kujua kwamba Desert One anga ilikuwa safi. C-130 ya kwanza ilishapita kwenye vumbi hilohilo mbele yake, lakini redio zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya usiri. Na kabla ya kuruka, marubani hawakukutana na wataalamu wa hali ya hewa. Taarifa ziliwafikia kupitia watu wa upelelezi. Vifaa viliharibika, sawa, ila uamuzi wa kugeuza ulitokana na taarifa iliyokuwepo na haikumfikia aliyeihitaji.

Fundi_Anga:
Nakubaliana na Ramani kiasi, ila idadi msiipite haraka. Helikopta 8 kwa mahitaji ya 6, safari ndefu, usiku, chini chini juu ya jangwa, ni akiba finyu mno. Tume ya Admeri James Holloway, iliyochunguza kushindwa huko na kutoa ripoti mwaka huohuo, ilisema zingehitajika angalau 10, na Nimitz ingezimudu.

Kuichagua RH-53D kulikuwa na mantiki: inafika mbali, mkia na mapanga vinakunjwa ikaingia ghalani melini, na kazi yake ya kawaida ya kutegua mabomu ya baharini haikushtua mtu. Walipokosea ni kwa watu. Mashine za jeshi la wanamaji walipewa zaidi marubani wa Marine (tawi jingine la jeshi), huku jeshi la anga lilikuwa na marubani wa H-53, familia ya RH-53D, waliozoea safari ndefu za uokoaji.

Hata ule mgongano uliotokea Desert One wakijiandaa kuondoka baada ya kusitisha, soma mpangilio wake. Helikopta moja ilitakiwa kuhama nyuma ya C-130 ya mafuta. Matairi yake ya mbele yalikuwa mabovu, haikuweza kujiburuza ardhini, ikabidi ielee. Vumbi likafumba kila kitu, ikaiangukia C-130. Walikufa 8: 5 wa jeshi la anga, 3 wa Marine.

Mshale:
Hapo nimeelewa. Sasa JSOC ilibadilisha nini hasa?

Ramani:
Kabla yake, kikosi kazi kiliundwa tatizo likitokea. Meja Jenerali James Vaught alikusanya watu wa matawi manne, na hawakuwahi kufanya zoezi kamili wote pamoja. Matokeo yake, pale Desert One wapo waliohoji amri kwa sababu hawakumjua anayeitoa. JSOC, iliyoanzishwa Desemba 1980 Fort Bragg, ni makao makuu ya kudumu: mipango, mawasiliano na mazoezi yanaendelea hata pasipo na dharura. Mwaka 1981 likafuata jeshi la nchi kavu kuunda kikosi cha helikopta cha 160, kazi yake kuruka usiku na makomandoo walewale.

Lakini mimi nasema dawa yenyewe ilichelewa hadi 1987. Kwenye uvamizi wa Grenada 1983 bado redio za matawi tofauti zilishindwa kuzungumza. Kila tawi lilikuwa na bajeti yake, na makomandoo walikuwa wa mwisho kwenye foleni. Bunge likalazimisha USSOCOM, kamandi kuu ya vikosi maalumu vya matawi yote, iliyoanza Aprili 1987 kambi ya MacDill, Florida, ikiwa na fungu lake la fedha, namba 11, na JSOC ikawa chini yake.

Fundi_Anga:
Niongeze kuhusu hilo fungu: linalipia vitu vya kipekee tu vya vikosi maalumu. Helikopta ya Black Hawk ya kawaida inanunuliwa na jeshi la nchi kavu kwa fedha zake. Bomba la kujazia mafuta angani na rada ya kuruka chini ndivyo vinavyolipiwa na USSOCOM.